Kanuni Uliyojitungia, Waweza Kuitangua

Wiki iliyopita binti mmoja anayetunga mashairi aliniandikia kwamba kwa miezi mitatu hajaandika hata ubeti mmoja, kwa kuwa amejiapiza asianze shairi jipya kabla ya kulimaliza la zamani. Nilicheka peke yangu, kisha nikanyamaza, maana mimi nilikaa miezi saba katika kifungo cha namna hiyohiyo, na mfungaji nilikuwa mimi.

Nilikuwa natunga utenzi wa kumkumbuka marehemu baba, aliyekata mkonge katika mashamba ya Tanga kwa zaidi ya nusu ya umri wake. Utenzi una sheria zake za jadi, nazo sikuzigusa: mishororo minne yenye mizani, yaani silabi, nane nane, mitatu ya kwanza ikiwa na kina kimoja cha mwisho, na wa nne ukibeba bahari ya utenzi mzima, yaani kina kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti. Wala sitaki kufufua ule ugomvi wa miaka ya 1970 kati ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na watunzi wa mashairi huru yasiyovifuata, kama Euphrase Kezilahabi. Zilizonifunga zilikuwa kanuni zangu mwenyewe: nitunge baada ya swala ya alfajiri tu, nisivuke ubeti ambao haujatimia, na nisitumie kamwe vile vina rahisi vinavyopatikana kwa kubandika o-rejeshi mwishoni mwa kitenzi, kama "asemacho" na "atakacho", ambavyo niliwacheka wenzangu kwa kuvitumia.

Beti za mwanzo zilikuja vizuri, hadi nikafika hapa:

Baba alipoondoka,
Panga begani kaweka,
Kimya tulimzunguka,
Kumuaga mlangoni.

Ubeti uliofuata ulipaswa kueleza siku ambayo ncha ya jani la mkonge ilimchoma baba. Nilitaka neno "jicho" likae mwishoni, na lilihitaji maneno mawili ya kulisindikiza. Nilipata "kificho", nikapata "kijicho", ambalo ni husuda na halikuwa na nafasi pale, mengine karibu yote yalikuwa ya o-rejeshi. Kila alfajiri nilifungua daftari, nikalitazama, nikalifunga.

Usiku mmoja, nikirudi kutoka msibani ndani ya daladala, bila daftari na bila alfajiri, niliandika kwenye simu kwa nathari tupu yote niliyoyakumbuka: harufu ya utomvu wa mkonge katika shati lake, maji ya mtungini aliyojiosha uso, na jinsi alivyomwambia mama kwamba ni vumbi tu. Kesho yake jioni niliruka hadi ubeti wa mwisho, nikarudi nyuma kidogo kidogo, na katika wiki tatu utenzi ukakamilika. Ubeti ulionishinda ulikuja baada ya nyingine zote, ukiwa na kina nilichokikataza:

Mwiba ukachoma jicho,
Hakusema aonacho...

Mshairi mmoja mzee, ambaye ninamheshimu mpaka leo, aliusikia kwenye khitma akasema mbele ya watu kwamba ubeti ule una uvivu. Neno hilo bado halijanitoka moyoni. Lakini shangazi yangu, asiyejua mizani wala bahari, aliniomba niurudie huo tu.

Kwa hiyo, ndugu yangu mtunzi, ukikwama, uliza kwanza kanuni hiyo imewekwa na nani. Ikiwa ni ya bahari, yaani aina ya shairi, unayoitungia, iheshimu au uhame bahari. Ikiwa ni yako, itangue leo. Ruka ubeti, andika jioni, andika kwa nathari, na ukikwama tena, ruka tena. Wengi wetu tunajivunia nidhamu ambayo ndani yake ni woga. Mimi nilijificha nyuma ya alfajiri kwa sababu sikutaka kulifikia lile jicho.

Binti yule nilimjibu aanze shairi jipya usiku uleule. Jana amenitumia ubeti mmoja, ambao mshororo wake wa tatu una mizani saba, na mpaka sasa nimejizuia kumwambia.