Maswali na majibu: Anuradhapura si mji wa kupitia njiani

Safari hii maswali karibu yote yanahusu Anuradhapura, mji wa wafalme wa Kibuddha kaskazini ya kati ya Sri Lanka. Ulikuwa makao makuu ya kisiwa kwa zaidi ya miaka 1,300, mpaka majeshi ya Wachola kutoka kusini mwa India yalipouteka na kuupora mwaka 993. Yale ya "hoteli gani nzuri" nimeyaweka kando. Hoteli zipo, tafuteni.

Nina siku moja tu. Naweza kutoka Colombo alfajiri, nikaona Anuradhapura, Mihintale na Sigiriya, nikarudi usiku? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Swali hili linarudi kila msimu kwa sababu kuna mawakala wanaouza safari ya namna hiyo, na watu wanalipa. Colombo hadi Anuradhapura ni kama kilomita 200, saa 4 hadi 5 kwa gari. Sigiriya, ngome ya kale juu ya mwamba, iko kilomita 70 na ushee kusini-mashariki. Ukitoa saa za barabarani na za kula, Anuradhapura inabakiwa na saa mbili za jua kali. Dereva atakupeleka kwenye stupa moja nyeupe (kuba kubwa la ibada la Wabuddha) na mti mmoja, utapiga picha, utarudi ukidai kwamba magofu yote yanafanana.

Eneo lenyewe ni kubwa. Kutoka kwenye mti mtakatifu hadi monasteri ya Abhayagiri ni kilomita 3 hivi kwa mstari ulionyooka, na barabara hazijanyooka. Lala mjini usiku mmoja walau, ikiwezekana miwili. Siku ya kwanza anza saa 12 asubuhi: mti wa Sri Maha Bodhi, nguzo za jengo la watawa la Lovamahapaya, kisha stupa za Ruwanwelisaya na Thuparamaya. Saa 5 ingia makumbusho au rudi ukapumzike. Saa 9 alasiri nenda stupa ya Jetavanaramaya, kisha kaskazini Abhayagiri. Mihintale, mlima mtakatifu kilomita 12 hivi mashariki, ipe asubuhi ya siku ya pili. Ina ngazi 1,840, na hazipandiki vizuri saa 7 mchana. Sigiriya ni safari nyingine kabisa.

Je, kweli lazima nivue viatu? Miguu yangu laini.

Kweli. Kofia pia. Mabega na magoti yafunikwe, mwanamume kwa mwanamke. Nguo nyeupe haishurutishwi kwa mgeni, lakini mahujaji wote watakuwa wamevaa nyeupe na wewe uliyevaa fulana ya timu ya mpira utajiona.

Kinachowashinda wengi ni sakafu. Uwanja unaozunguka Ruwanwelisaya umetandikwa mawe, na kuanzia saa 5 hadi saa 10 yanachoma kama kikaango. Soksi nene zinaruhusiwa. Beba jozi mbili. Viatu acha kwenye kibanda cha kutunzia viatu na umpe mtunzaji sarafu kidogo. Ukiviacha nje, tumbili au mbwa atavihamisha.

Mimi ni Muislamu, huvaa kanzu. Nitazuiwa? (Msomaji, Tanga)

Wageni wa dini zote wanaingia, na hakuna atakayekulazimisha kusujudu wala kutoa maua. Kanzu nyeupe ni vazi linalofaa kuliko suruali fupi za watalii wengine wote. Ila barakashia utaivua kama kofia nyingine yoyote. Ikiwa hilo ni zito kwako, tazama kutokea nje ya uwanja mtakatifu. Ruwanwelisaya, stupa ya mita 103, inaonekana kutoka mbali.

Ni kweli pale kuna jengo lililokuwa kubwa kuliko piramidi za Misri?

Kuliko zote, hapana. Kuliko nyingi, ndiyo. Jetavanaramaya, iliyoanzishwa na Mfalme Mahasena (273–301), inakadiriwa ilifikia mita 122 ilipokamilika. Katika ulimwengu wa kale ilizidiwa urefu na piramidi mbili kubwa za Giza tu. Leo imebaki mita 71 hivi, maana mnara wa juu ulivunjika. Matofali yake ni kama milioni 93, yote ya udongo wa kuchoma. Piramidi ni mawe. Hii ni tofali juu ya tofali, na kwa sababu hiyo msingi wake ulichimbwa mpaka kwenye mwamba.

Tahadhari kwa wanaotembea na vitabu vya zamani: waandishi wa enzi ya ukoloni walibadilisha majina, Jetavana wakaiita Abhayagiri na Abhayagiri wakaiita Jetavana. Picha nyingi za kale mtandaoni bado zina makosa hayo. Ukiona maelezo hayalingani na unachokitazama, usimlaumu dereva wa bajaji.

Tiketi ya mgeni ni ghali mno. Dereva wangu anasema anajua njia ya nyuma. Nikubali?

Usikubali. Kwa miaka mingi tiketi ilikuwa dola 25, nayo hupanda, kwa hiyo angalia bei rasmi wiki unayosafiri. Inatumika siku moja. Inauzwa kwenye makumbusho ya Jetavana na Abhayagiri, na wakaguzi wako hasa upande huo wa kaskazini na mashariki. Huyo dereva atakutoza nusu ya bei, atakupitisha sehemu ambazo hazikaguliwi hata kidogo, na pesa yote itaingia mfukoni mwake. Ukishikwa, wewe ndiwe utakayelipa na kuaibika, naye atakuwa ameshaondoka. Fedha ya tiketi ndiyo inayosaidia kuzuia matofali yasianguke. Mwenye dola za ndege asije kulia kwenye tiketi.

Jambo ambalo hamkuuliza: Sri Maha Bodhi na hekalu la Isurumuniya hazimo kwenye tiketi hiyo. Kila moja ina ada yake ndogo, ya rupia taslimu.

Watu wanausifu mti. Nimeona picha, ni mti wa kawaida. Kuna nini? (Msomaji, Nairobi)

Huenda hata picha uliyoiona si yake. Uwanja ule una miti kadhaa ya bodhi iliyopandwa baadaye kuulinda ule wenyewe, na wageni wengi wanapiga picha huo mnene ulio karibu wakaenda zao. Mti wenyewe uko kwenye jukwaa la juu kabisa, nyuma ya uzio wa dhahabu: shina jembamba, limeinama, limeegemea mihimili iliyopakwa dhahabu.

Ulipandwa katika karne ya 3 KK kutokana na chipukizi lililoletwa na mtawa Sanghamitta, binti wa Mfalme Ashoka, kutoka kwenye mti wa Bodh Gaya, India, ambao Buddha aliketi chini yake. Hakuna mti mwingine duniani uliopandwa na binadamu wenye tarehe ya kale hivyo iliyoandikwa. Ndiyo maana unalindwa. Na mkikaguliwa mifuko langoni msinung'unike: Mei 1985 wapiganaji wa LTTE, kundi la waasi wa Kitamil, waliua watu zaidi ya 100 katika mji huu, wakiwemo mahujaji waliokuwa wakisali hapo hapo.

Huwezi kuugusa. Jani likianguka lenyewe watu huliokota, usichume.

Nikiwa na muda wa kuangalia kitu kimoja kwa makini, kiwe kipi?

Hatimaye swali. Stupa zitajionyesha zenyewe, kwa hiyo jibu langu ni maji.

Nenda Kuttam Pokuna, mabwawa pacha ya kuogea watawa wa Abhayagiri, moja la mita 40 hivi, jingine la mita 28. Wageni husimama upande wa ngazi, wanapiga picha ya maji ya kijani na kuondoka. Zunguka mpaka ncha ya kaskazini ya bwawa dogo, inama. Utaona vishimo vya mawe vilivyofuatana. Maji yalikuja kwa mfereji wa chini ya ardhi, yakapunguzwa kasi humo, mchanga na tope vikazama, ndipo yakaingia bwawani kupitia kinywa cha mnyama wa mawe. Pembeni pana jiwe lililochongwa nyoka mwenye vichwa vingi, mlinzi wa maji. Yaani walikuwa na chujio, na lilikuwa rahisi kusafishwa: kishimo kikijaa tope, unakikomba, bwawa haliguswi.

Sasa panda ukingo wa Tissa Wewa jioni. Ziwa hilo limetengenezwa na watu, na katika karne ya 5 Mfalme Dhatusena aliliunganisha na ziwa la Kala Wewa kwa mfereji wa kilomita 87. Katika sehemu ya kwanza ya mfereji huo, kwa kilomita 27 hivi, mteremko ni kama sentimita 10 kwa kila kilomita. Ukiuzidisha kidogo, maji yanakula kingo. Ukiupunguza, yanasimama na kujaa tope. Mtawa wa Kichina Faxian, aliyefika mwanzoni mwa karne hiyo hiyo, aliandika kwamba Abhayagiri peke yake ilikuwa na watawa 5,000. Watu wengi hivyo katika nchi kavu hawaishi kwa sala tupu. Asiyeangalia mabwawa hajaelewa kwa nini mji ulikuwa pale.

Ukibakiwa na nusu saa, tafuta jiwe la mwezi, lile la nusu duara chini ya ngazi, kwenye jengo linaloitwa kasri la malkia. Si kasri na halikuwa la malkia. Ni jengo la monasteri. Anza kulisoma kutoka nje: ndimi za moto, kisha tembo, farasi, simba na ng'ombe dume wakifukuzana, kisha majani yanayotambaa, kisha mabata wenye kijiti mdomoni, mwisho yungiyungi. Baadaye ukifika Polonnaruwa, mji mkuu uliofuata, tazama mawe ya namna hiyo: ng'ombe hayumo tena. Maelezo ya kawaida ni kwamba kwa Wahindu ng'ombe ni mtakatifu, na haifai kukanyagwa.

Nimeze dawa za malaria?

Sri Lanka ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2016. Wewe ndiye unayeweza kuwapelekea. Ukipata homa ukiwa huko, mwambie daktari mara moja kwamba umetoka nchi yenye malaria, kwa sababu yeye atafikiria dengi kwanza. Dengi ipo, na mbu wake anauma mchana. Paka dawa asubuhi.

Kikubwa zaidi ni kadi ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo ataombwa. Mtanzania anayesubiri ndege ya kuunganisha kwa zaidi ya saa 12 katika nchi hizo au Ethiopia ajihesabu humo humo. Chanjo inaanza kutambulika siku 10 baada ya kudungwa, kwa hiyo usiende kuitafuta siku ya safari. Ukishachanjwa inatosha maisha yote.

Mwezi gani ni mzuri?

Februari na Machi. Mvua kubwa ni Oktoba hadi Desemba. Julai hadi Septemba ni kukavu, upepo wa vumbi, maziwa yamepungua. Mwezi mpevu wa Juni ni Poson, sikukuu ya kuingia kwa Ubuddha kisiwani: mji unafurika, vyumba vinakwisha, chakula cha bure kinagawiwa barabarani. Nenda ukipenda watu, usiende ukitaka picha bila watu. Na kila mwezi mpevu, mwaka mzima, pombe haiuzwi nchi nzima.

Droni?

Bila kibali cha mamlaka ya anga, iache nyumbani.

Nina tatuu ya Buddha mkononi. Ni heshima kwangu, sivyo?

Kwako. Kwao siyo. Mwaka 2014 mtalii kutoka Uingereza alikamatwa na kufukuzwa nchini kwa tatuu kama hiyo; mahakama ilimlipa fidia miaka mitatu baadaye, lakini likizo ilikuwa imekwisha kitambo. Vaa mikono mirefu tangu kwenye ndege. Vilevile usipige picha ukiwa umeipa sanamu mgongo, na usiikalie wala kuibusu. Mwaka 2012 watalii wa Kifaransa walihukumiwa kwa picha za kuibusu.

Nimeuzwa sarafu ya kale karibu na Jetavana, rupia chache tu. Nitapita nayo uwanja wa ndege?

Ikiwa ni feki, utapita na umeibiwa. Ikiwa ni ya kweli, kutoa vitu vya kale nchini bila leseni ni kosa la jinai. Mrudishie aliyekuuzia.

Nimesikia kuna watu wenye asili yetu karibu na hapo.

Wapo, karibu na mji wa Puttalam, kwenye barabara inayotoka Anuradhapura kwenda pwani ya magharibi. Ni jamii ndogo ya kijiji cha Sirambiyadiya, wajukuu wa Waafrika waliopelekwa kisiwani enzi za Wareno na waliofuata. Ngoma yao inaitwa manja. Lakini msiende na kamera mkononi kama mnakwenda mbugani. Fanyeni miadi kwanza, lipeni wachezaji, na msiwadai Kiswahili, hawakizungumzi.

Baiskeli au bajaji?

Baiskeli, kama ni kabla ya saa 4 au baada ya saa 10. Jaribu breki zote mbili kabla ya kulipa, minya tairi, dai kufuli. Bajaji ikubaliwe kwa siku nzima, bei ikitajwa pamoja na muda wa kusubiri, na umwambie dereva mapema kwamba hutaki kupelekwa duka la vito. Jua likizama usiendeshe baiskeli nje ya mji. Tembo huvuka barabara.