Kipimo cha mkeo si chako

Kaka, umeuliza kama kuna haja ya kupima VVU wakati mkeo alipimwa kliniki ya wajawazito na hana, tena unaona wanaokwenda kupima ni wanawake na wagonjwa tu. Nenda, tafadhali. Majibu yale ni yake. Wapo wenza ambao mmoja ana virusi na mwenzake hana, kwa miaka.

Wanawake ni wengi pale kwa sababu ujauzito huwafikisha kwa nesi, na kipimo ni sehemu ya hudhurio la kwanza. Sisi wanaume hatuna mlango kama huo, ndiyo maana mwaka 2018 serikali ya Tanzania ilianzisha kampeni ya Furaha Yangu ikitulenga hasa sisi. Wengi hugundua wakiwa wameshadhoofu, na hilo linaniuma sana.

Kituo cha serikali hulipii kipimo, na siri yako inalindwa. Ukionea haya foleni, ulizia kipimo cha kujipima mwenyewe. Sheria inakiruhusu tangu 2019. Kikionyesha chanya, kithibitishwe kituoni. Kama ulikutana na mtu bila kinga ndani ya saa 72 zilizopita, usisubiri: wahi kituoni leo uombe dawa za kuzuia maambukizi.