Maswali ya Wasomaji: Mdadisi Anapobisha Hodi

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka Kanda ya Kati, na karibu zote zinahusu tafiti zinazofanywa majumbani juu ya afya, mila na maisha ya watu. Nimechagua nne. Majina ya walioandika nimeyahifadhi.

Kwa nini hawakuniuliza kabila?

*Ndugu mwandishi, mbukwa. Wadadisi walifika kwetu na kishikwambi, wakaniuliza watoto niliowazaa, walio hai na waliofariki, chandarua, choo, maji, hata kama nimekeketwa. Kabila langu hawakuliuliza. Mila ni za makabila, sasa wanazichunguzaje bila kuuliza kabila? Na majibu yangu yanakwenda wapi?* (Mama wa watoto wanne, Chamwino)

Mbukwa, mama. Nianze na hilo la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Jina lako halimo katika takwimu zinazotolewa kwa watafiti. Katika tafiti za kitaifa za afya ya uzazi na mtoto, hata alama ya mahali kilipo kijiji husogezwa kwa makusudi kabla ramani haijatolewa, hadi kilomita 2 kwa maeneo ya mjini na kwa kawaida hadi kilomita 5 kwa vijijini, ili mtu asiweze kufuata alama hiyo akafika mlangoni kwako. Wadadisi nao wanabanwa na Sheria ya Takwimu kutunza siri ya kaya.

Kuhusu kabila, sensa ya mwisho iliyowauliza Watanzania kabila ilikuwa ya mwaka 1967. Zilizofuata, za 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022, hazikuuliza, kwa kuwa taifa liliamua kutowahesabu raia wake kwa makundi ambayo yangeweza kugeuzwa kuwa mizani ya kugawana madaraka. Wenzetu wameamua tofauti: Kenya iliuliza kabila katika sensa ya 2019 na kutangaza hesabu ya kila moja, Marekani huuliza asili ya mtu na kumwachia ajitaje mwenyewe, Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1978, inazuia kwa sehemu kubwa ukusanyaji wa taarifa za aina hiyo. Mimi ni miongoni mwa wanaoona kwamba uamuzi wetu ulikuwa wa busara. Hata hivyo una gharama yake katika utafiti, nayo inafaa isemwe wazi.

Gharama yenyewe ni kwamba mkoa unachukua nafasi ya kabila. Utafiti wa kitaifa wa 2015-16 ulionesha kwamba asilimia 47 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 mkoani Dodoma walikuwa wamekeketwa; ule wa 2022 ulionesha asilimia 18. Nimewasikia watu wakizisoma tarakimu hizi mbili kama ushindi uliokwisha kupatikana. Tuzitazame kwa utulivu. Mwanamke aliyekuwa na miaka 25 mwaka 2015 alikuwa na miaka 32 mwaka 2022, na kama alikwisha kukeketwa, hawezi kuwa amerudi katika hali yake ya awali. Kwa hiyo sehemu kubwa ya wanawake wanaohesabiwa katika utafiti wa pili ni wa rika lile lile la utafiti wa kwanza, na kunusurika kwa mabinti wadogo peke yake hakuwezi kushusha asilimia kwa kasi hiyo ndani ya miaka saba. Lazima kuna jambo jingine.

Jambo la kwanza ni wahamiaji. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 2,083,588 mkoani Dodoma na ile ya 2022 ikahesabu 3,085,625, na katikati ya sensa hizo Serikali ilihamia rasmi kuanzia mwaka 2016, kisha mji ukapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Mwanamke aliyezaliwa Mtwara akahamia Nkuhungu, jijini Dodoma, kumfuata mumewe mtumishi anahesabiwa kuwa mwanamke wa Dodoma, ingawa kwao mila hiyo haikuwapo. Jambo la pili ni sampuli: kaya zinazofikiwa katika mkoa mmoja ni chache, na asilimia ya mkoa huyumba zaidi kuliko ya taifa zima, ambayo ilishuka taratibu kutoka 18 mwaka 1996 hadi 10 mwaka 2015-16 na 8 mwaka 2022. Jambo la tatu ni ukweli wa majibu yenyewe, na hapo barua ya pili inatusaidia.

Bibi yangu si mwongo

*Nimesoma makala zenu za afya kwa muda mrefu. Bibi yangu anasema dada zangu wawili waliugua lawalawa wakiwa wachanga, wakapona baada ya kukeketwa. Nesi wa zahanati anasema hiyo ni imani potofu. Bibi si mtu wa kutunga mambo. Nimwamini nani?* (Kijana wa Manyoni)

Mdogo wangu, bibi yako aliona alichokiona. Katika hicho kinachoitwa lawalawa, watoto wa kike waliwashwa, walitokwa na uchafu ukeni, walilia wakikojoa. Hayo ni maradhi halisi, nayo yana sababu zinazojulikana: bakteria na fangasi, nepi iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa, uchache wa maji ya kumsafishia mtoto. Aghalabu hutibika kwa usafi na dawa za zahanati, na mengine huisha yenyewe baada ya siku kadhaa. Mtoto akikatwa leo na muwasho ukaondoka wiki ijayo, familia itasema kisu ndicho kilichomponya. Nesi yuko sahihi kuhusu tiba, na bibi yuko sahihi kuhusu ugonjwa. Nakusihi usimwite mwongo, kwa sababu ukimvunjia heshima hatakusikiliza tena, na katika nyumba nyingi za huko kwenu yeye ndiye mwenye sauti juu ya wajukuu.

Lakini historia ya lawalawa inahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Watafiti waliofanya kazi Singida na Dodoma waliona kwamba maelezo haya, yaani ukeketaji kama dawa, yalipata nguvu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati viongozi walipoanza kuupiga vita kama mila. Kabla ya hapo msichana alikeketwa akiwa mkubwa, pamoja na wenzake, kwa ngoma na mafunzo, na jamii nzima ikajua kwamba amevuka kuingia utu uzima. Mila ilipokatazwa hadharani, ikapata sababu mpya ambayo hakuna kiongozi angeweza kuipinga kwa urahisi, kwa maana nani atamkataza mzazi kumtibu mtoto? Umri ukashuka hadi utotoni, hata siku za mwanzo baada ya kuzaliwa, ngoma ikaondoka, na kilichokuwa tangazo la utambulisho kikawa jambo la chumbani kati ya mama, bibi na ngariba.

Hilo ndilo linalonigusa zaidi katika suala hili. Watu wa nje walidhani mila ni kitu kimoja kisichobadilika, ambacho ama kipo ama kimekufa. Kumbe jamii hufikiri, hupima hatari na kubadili sababu zake. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliharamisha ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18, kwa kifungo kisichopungua miaka 5 na kisichozidi 15, au faini, au vyote viwili. Sheria hiyo ilihitajika, na bado inahitajika. Lakini iliwakuta watu waliokwisha kujifunza kuficha, na mtoto mchanga hawezi kwenda kituo cha polisi.

Sasa fikiria mdadisi anapomuuliza mama wa kijijini kama binti yake amekeketwa. Mama anajua kwamba jibu la ndiyo ni kukiri kosa la jinai mbele ya mgeni. Huko kaskazini mwa Ghana, ambako sheria ilipitishwa mwaka 1994, watafiti waliwauliza wanawake wale wale mwaka 1995 na tena mwaka 2000; asilimia 13 ya waliosema mara ya kwanza kwamba wamekeketwa walisema mara ya pili kwamba hawajakeketwa. Miili yao haikubadilika. Kilichobadilika ni kile walichoona ni salama kukisema. Ndiyo maana nilimwambia mama wa Chamwino kwamba tarakimu za Dodoma zisomwe kwa uangalifu: ndani yake mna mabinti walionusurika kweli, mna wahamiaji, na mna ukimya.

Ukirudi kwa bibi, mweleze pia kuhusu uzazi. Shirika la Afya Duniani lilifuatilia wanawake 28,393 katika vituo 28 vya uzazi vya Burkina Faso, Ghana, Kenya, Nigeria, Senegal na Sudan, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006: waliokeketwa vibaya zaidi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujifungua kwa upasuaji na kutokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na hatari ya vifo vya watoto wao iliongezeka kwa asilimia 15, 32 na 55 kadiri ukataji ulivyokuwa mkubwa. Tafiti nyingine zimeonesha kwamba maambukizi ya njia ya mkojo huwapata zaidi waliokeketwa. Maana yake ni kwamba kisu kilichodaiwa kuondoa maradhi ya sehemu hizo huyaongeza. Bibi aliyekubali kukatwa kwa wajukuu kwa sababu aliwapenda anaweza, kwa upendo ule ule, kuuelewa ushahidi huu.

Utafiti wa kunawa uso ulikuwa wa nini?

*Mama yangu alikuwa miongoni mwa akina mama wa Kongwa waliotembelewa na watafiti wa macho miaka mingi iliyopita. Walitufundisha kunawa uso. Je, kweli ilihitajika kutoka ng'ambo kuja kutuambia hivyo?* (Msomaji, Kibaigwa)

Uchungu wa swali lako naupokea, na jibu lake lina heshima kwa mama yako kuliko unavyodhani. Kongwa ilikuwa na vikope, yaani ugonjwa wa macho uitwao trakoma, vingi mno miongoni mwa watoto. Maambukizi yakijirudia kwa miaka, kope hugeukia ndani na kukwaruza jicho hadi mtu anapofuka, na duniani wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara 4 zaidi ya wanaume, kwa sababu wao ndio hushinda na watoto wenye maambukizi.

Wataalamu walijua kwamba uso mchafu na nzi hueneza vikope. Walichokuwa hawakijui ni kwa nini nyuso hazikunawishwa. Jibu lililokuwa jepesi ni ukosefu wa maji, na ni kweli kwamba kaya zilizokuwa mbali na maji ziliathirika zaidi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1989 ulionesha kwamba wingi wa maji yaliyoingia ndani ya nyumba kwa siku haukueleza nani ana vikope na nani hana. Hoja ikahamia kwenye matumizi: ndoo ikishafika kutoka kisimani, nani anapangiwa nini? Kupika, kunywa, mifugo na pombe vina madai yao, na uso wa mtoto wa miaka mitatu hukaa mwisho wa foleni.

Walipoketi na akina mama na akina baba, ilionekana kwamba wengi walikadiria maji ya kunawisha mtoto kuwa mengi sana kuliko yanayohitajika. Basi wakaonesha kwa vitendo: maji kidogo ya kopo yanamiminwa kiganjani, tongotongo zinalainishwa kwenye pembe ya jicho na kufutwa kwa kidole, kamasi zinaondolewa, kisha mtoto wa pili, wa tatu, na kopo bado lina maji. Jaribio lililofuata lilihusisha vijiji 6: vyote vilipewa dawa, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kunawisha nyuso kwa njia ya mikutano ya wanakijiji wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionesha kwamba katika vijiji vya kampeni nyuso safi zilidumu zaidi na vikope vikali vilipungua. Usafi wa uso ni moja ya nguzo 4 za mkakati wa Shirika la Afya Duniani dhidi ya ugonjwa huu, pamoja na upasuaji wa kope, dawa na mazingira safi, na ushahidi wake kwa sehemu kubwa ulitoka kwenu.

Kwa hiyo akina mama wa Kongwa ndio walioeleza maji yalikuwa yakienda wapi na kwa nini. Bila maelezo yao, mradi ungechimba visima peke yake na kushangaa kwa nini nyuso bado ni chafu.

Nianzie wapi?

*Shikamoo mwalimu. Nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, nataka kufanya utafiti wa afya ya wasichana katika kijiji chetu wilayani Bahi. Je, kwa kuwa ni kwetu, nahitaji kibali?* (Mwanafunzi)

Marahaba. Ndiyo, unakihitaji, na kwa kuwa ni kwenu unahitaji tahadhari zaidi. Utafiti wa afya hupitiwa kwa maadili na kamati ya chuo au ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Msimamizi wako atakuelekeza ipi inakuhusu. Kisha barua yako itapita mkoani, wilayani, kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Kwa walio chini ya miaka 18 utahitaji ridhaa ya mzazi na ya binti mwenyewe.

Maswali ya siri usiyaulize wewe. Mtafute dada asiyetoka kijijini hapo, afanye mahojiano faraghani, maana msichana hawezi kumweleza mtoto wa jirani jambo ambalo jioni linaweza kumfikia mama yake. Matokeo yakikamilika, mwombe mtendaji nafasi katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila baada ya miezi mitatu, uwasomee kabla hujayawasilisha chuoni.