Mota 2 za KV 4,000 kwenye 4S? Mkuu, usilipie kwanza

Mkuu, ghairi hilo agizo sasa hivi, ukimaliza ndiyo uendelee kusoma. Umeandika una bodi la katamarani (boti ya rimoti yenye matumbo mawili) la faiba, sentimita 85, unataka kulifunga mota 2 za KV 4,000, betri za lipo za 4S (seli 4) na propela za milimita 40, kwa kuwa muuzaji kakwambia KV ikiwa kubwa boti inakimbia zaidi. Umeuliza pia usukani, rimoti, na betri zikae wapi. Mimi nashika hili la mota, maana hapo ndipo hela yako inapokwenda kuzama.

KV siyo nguvu. KV ni mizunguko ambayo mota inatoa kwa dakika kwa kila volti 1, ikiwa haina mzigo wowote. Seli 1 ya lipo ni volti 3.7, kwa hiyo 4S ni volti 14.8. Zidisha: 4,000 mara 14.8 ni mizunguko 59,200. Katamarani ya ukubwa huo yenye propela hiyo inataka kati ya 28,000 na 35,000. Sheria ni hiyo moja: zidisha KV kwa volti KABLA hujatoa hela, na jibu likipita 35,000 usinunue, hata upewe punguzo la namna gani.

Kwa nini? Kwa sababu maji ni mazito. Nguvu inayotakiwa kuzungusha propela ndani ya maji haipandi sambamba na mizunguko. Ukizidisha mizunguko mara 2, nguvu inayohitajika inakaribia mara 8. Mota ya saizi hiyo haina nguvu hiyo na wala haitaipata, kwa hiyo hiyo 59,200 haiifikii kamwe. Inakwama katikati huku ikiendelea kuvuta amperi, na umeme wote usiosukuma boti unageuka joto. Gari la rimoti likiachiwa mafuta linaserereka, mota inapumua. Boti haina kupumua: ukikanyaga, mzigo upo mwanzo mpaka mwisho.

Nilifunga mota za KV hiyohiyo na betri za 4S kwenye katamarani yangu, hapa Mwanza. Ilitoka vizuri sana, pua juu, kila mtu ufukweni amesimama. Ghafla upande mmoja ukakata, boti ikaanza kuzunguka palepale mpaka tukaifuata kwa mtumbwi. ESC moja, kile kifaa kinachodhibiti kasi ya mota, imeungua, betri zimevimba. Na asije mtu hapa kuniambia shafti ilikuwa imepinda. Shafti ilikuwa inazunguka kwa kidole.

Hasara kubwa ikaja baada ya hapo, na hii ndiyo nataka uishike. Mota nilizijaribu mezani zikazunguka, tena kwa kasi kuliko zilipokuwa mpya. Nikanunua ESC nyingine, nikarudi ziwani, nayo ikaungua! Kumbe mota yenyewe ilishakufa. Sumaku za neodimiamu za daraja la kawaida zinaanza kupoteza usumaku zikifika kama nyuzi 80 za Selsiasi, na zikishapoteza, mota inazunguka haraka zaidi bila mzigo lakini inavuta amperi nyingi zaidi ikipewa kazi. Mezani inaonekana nzima, majini inaua kila ESC unayoifunga. Wala usitegemee maji ya kupoozea: yale yanapita kwenye ganda la nje, sumaku zipo kwenye rota, sehemu inayozunguka katikati.

Muuzaji wangu nilimwambia kila kitu kabla sijalipa. Urefu wa boti, propela, 4S. Akajibu, “KV kubwa, spidi kubwa.” Nilipomrudia na ESC iliyoungua, akanishauri ninunue ESC kubwa zaidi, kutoka kwake! Mtu anayeuza mota na hawezi kuzidisha namba mbili hafai kumshauri mtu yeyote. Na hawa wa video wanaorusha boti sekunde chache tu, mbona hawaonyeshi mota ikitolewa majini ikaguswa?

Watakuletea pia hesabu ya kwenye karatasi. Propela ya milimita 40 yenye uwiano wa 1.4 (hatua yake ni mara 1.4 ya kipenyo) inasogea milimita 56 kwa kila mzunguko. Kwa mizunguko 59,200 unapata karibu kilomita 199 kwa saa. Tamu kweli. Lakini hesabu hiyo inachukulia propela haitelezi, volti hazishuki na mota haina kikomo. Kwa 29,600 karatasi inasema karibu kilomita 99, na hapo ukipata 70 za kweli majini, boti inakimbia.

Kwa betri zako tafuta KV 2,000: mara 14.8 ni hiyo 29,600. Iwe mota ya ganda lisilozunguka, kipenyo milimita 36, urefu 60 hadi 74, ncha 4 za sumaku, yenye koti la maji. Achana na zile za ndege ambazo ganda lake linazunguka. Ukiweza kupanda hadi 6S, chukua KV 1,400, inakupa kama 31,000 na amperi zinapungua. KV 4,000 yenyewe siyo mbovu, ina kazi yake kwenye viboti vidogo vya 2S: 4,000 mara 7.4, jibu ni lilelile 29,600. Shida ni kuipeleka kwenye volti zisizo zake.

Kila mota iwe na ESC yake, na propela zizunguke kinyume, moja kulia moja kushoto. Mota ikizunguka upande usioutaka, badilisha waya 2 kati ya zile 3. ESC zote mbili zikiwa zinalisha umeme risiva (kipokezi cha rimoti), chomoa waya mwekundu wa moja. Safari ya kwanza isizidi dakika 1, rudisha, gusa mota. Kidole kisipovumilia, weka propela ndogo zaidi.

Umesema muuzaji anataka pesa kesho. Usimtumie. Bandika hapa KV, idadi ya seli na propela ya kila mota anayokutajia, tukuhesabie kwanza.