Kutoka viza ya utalii hadi viza ya mwenza Uingereza

Dada, umeuliza kama unaweza kubadili viza ya matembezi ya miezi 6 iwe ya mwenza bila kurudi Dar, kwa kuwa mumeo ni raia wa Uingereza. Kanuni hairuhusu. Mgeni wa matembezi hutakiwa kuondoka Uingereza na kuomba akiwa nje, hata kama ndoa ni halali kabisa. Tafadhali usikae ukapitiliza muda. Kumbukumbu hiyo itakufuata kwenye maombi yote.

Muda uliobaki utumieni kupanga nyaraka za mumeo, maana hapo ndipo wengi hukwama. Kipato chake kifike pauni 29,000 kwa mwaka. Akiwa ameajiriwa na mwajiri mmoja, atoe hati za mshahara za miezi 6 na taarifa za benki za miezi hiyohiyo. Kaeni mzilinganishe moja moja: kwa mfano, mshahara halisi (baada ya makato) ulioandikwa kwenye hati ya Machi uonekane benki kwa kiasi kilekile. Hati ya mwisho isizidi siku 28 kabla ya kutuma maombi.

Wewe utahitaji kipimo cha kifua kikuu (cheti hudumu miezi 6), mtihani wa Kiingereza ngazi ya A1 (ya mwanzo kabisa), na tafsiri iliyothibitishwa kama cheti cha ndoa ni cha Kiswahili.