Goti la Andersen mbona linang'aa?

SWALI: Shkamoo mhariri, samahani kwa swali la kitoto. Dada alienda New York akanitumia picha wanae wamempanda mzee mmoja wa sanamu, kakaa kwenye benchi na kitabu, anasema ndo Hans Christian Andersen wa hadithi za watoto. Mzee mweusi tii ila pajani na kitabuni panang'aa kama dhahabu, wamempaka dhahabu au? Na yule bata mbele yake ana kazi gani?

JIBU: Marahaba. Dhahabu hamna, hiyo ni shaba yenye mchanganyiko, na ule weusi ni utando wa juu tu, fundi anapaka kemikali shaba ikiwa ya moto ndo inageuka rangi. Sasa mzee yupo Central Park toka 1956, kando ya kile kibwawa cha viboti vya kuchezea, na muda wote huo watoto wanapanda pajani, wanateleza, wanadaka kitabu wasidondoke, we piga hesabu ya makalio na viganja vya miaka karibu 70 utando utabaki wapi?

Bata ndo mwenye hadithi yenyewe, yule kifaranga aliyechekwa kwa ubaya wa sura, anasomewa habari zake. 1973 aliibiwa, eti bata wa shaba! ila akapatikana.

Kinachonichekesha mimi ni kwamba Andersen mwenyewe asingekubali. 1875, miezi michache kabla hajafa, kule Copenhagen, kwao Denmark, walikuwa wanamwandalia sanamu, mchongaji Saabye akaja na mchoro wa watoto wamemzunguka wamemganda, mzee akawaka, akasema yeye hawezi kusoma kwa sauti mtu akiwa nyuma yake au amembana. Wakawatoa watoto wote. Ile sanamu ikazinduliwa 1880 kwenye bustani ya Kongens Have na mpaka leo kakaa peke yake na kitabu chake, mkono kaunyoosha mbele kama anamsimulia mtu asiyeonekana.

Ila ya New York ilichangiwa na watoto wa shule wa Denmark na Marekani, kwa hiyo hilo paja wamelilipia wenyewe, na Jumamosi za kiangazi watu wanakuja hapohapo kuwasomea hadithi, wengine wamembana mzee kushoto na kulia.