Mkaa wa vifuu, cheti cha maabara, na kwa nini wakala bado anakugomea

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu ya wadau. Kwa kifupi, kwa wanaoingia sasa hivi: mwenzetu wa Tanga anatengeneza mkaa wa shisha kwa vifuu vya nazi, kapata mnunuzi Dubai, kapeleka sampuli maabara, cheti kimetoka safi kwamba mkaa haujipashi moto, halafu mawakala wawili wa kusafirisha mizigo wamemwambia mzigo wake ni mzigo hatari na nauli inapanda. Anauliza kama anaibiwa. Mdau mmoja hapo juu kamshauri aandike "bidhaa za vifuu" kwenye nyaraka yaishe.

Huibiwi. Na huo ushauri wa "bidhaa za vifuu" tafadhali usiufuate, nitaeleza mbele. Nimefanya kazi ya nyaraka za mizigo hatari na usimamizi wa upakiaji kwenye bandari kavu hapa Dar kwa miaka, mkaa nimeuona, mashudu nimeyaona, unga wa dagaa nimeunusa mpaka basi. Acha nikupe picha nzima.

Cheti chako kilikuwa na maana kubwa mpaka juzi juzi. Kanuni za IMDG, ambazo ndizo zinaongoza mizigo hatari baharini, zinauweka mkaa wa asili ya mimea au wanyama kwenye namba UN 1361, daraja 4.2, yaani vitu vinavyoweza kuwaka vyenyewe. Lakini kulikuwa na masharti maalumu namba 925: mkaa ukipita jaribio la kujipasha moto, sampuli ikachukuliwa na watu wa maabara wenyewe, maabara ikatoa cheti, basi mzigo unasafiri kama mzigo wa kawaida. Huo ndio mlango uliokuwa ukitumiwa na karibu kila mtu. Toleo la 42-24 la kanuni limeufunga kwa UN 1361. Lilianza kwa hiari tarehe 1 Januari 2025 na likawa lazima tarehe 1 Januari 2026. Sasa yanatumika masharti namba 978, na mkaa unatangazwa kuwa mzigo hatari hata kama maabara imekupa cheti kizuri namna gani.

Sababu haikutoka hewani. CINS, mtandao ambao makampuni ya meli yanautumia kupeana taarifa za matukio ya mizigo, ulihesabu angalau moto 68 melini uliohusiana na mkaa kati ya Januari 2015 na Desemba 2022. Mingi ya mizigo hiyo haikutangazwa kuwa hatari, kwa hiyo mabaharia waliona moshi bila kujua wanapambana na nini.

Sasa hapa ndipo nataka utulie, kwa sababu ukilielewa jaribio lenyewe utaelewa kwa nini cheti kinaweza kusema kweli na kontena bado likawaka.

Jaribio linaitwa N.4. Sampuli inajazwa kwenye kikapu cha wavu wa chuma chenye umbo la mchemraba, kila upande milimita 100. Kinaning'inizwa katikati ya oveni ya nyuzi 140, kipimajoto kimoja ndani ya moyo wa sampuli, kingine kwenye hewa ya oveni. Wanasubiri saa 24. Sampuli ikiwaka, au joto lake la ndani likipita la oveni kwa nyuzi 60, yaani kuvuka 200, imefeli. Ikifeli wanaingiza mchemraba mdogo wa milimita 25 kwa nyuzi hizo hizo 140. Huu mdogo nao ukifeli, kitu hicho ni kikali, kinakwenda kundi la ufungashaji II (makundi haya ni ngazi za ukali wa hatari, II ni kali kuliko III). Ukipita, wanarudi kwenye mchemraba mkubwa kwa nyuzi 120, kisha 100, ili kujua kundi la III linaanza kwenye kifurushi cha ukubwa gani: kuna vitu vinavyosamehewa vikiwa kwenye vifurushi visivyozidi mita za ujazo 3, na vingine visivyozidi lita 450.

Kwa nini nyuzi 140 wakati hakuna meli yenye joto hilo? Kwa sababu oveni inawakilisha kitu kikubwa zaidi. Waliotunga jaribio walichukua mkaa kama kipimo: lundo la mita za ujazo 27, yaani mita 3 kila upande, linaloanza kujiwasha kwenye nyuzi 50. Mchemraba wa sentimita 10 kwenye nyuzi 140 unasimama badala ya lundo hilo kwenye nyuzi 50. Piga hesabu mwenyewe. Mchemraba wa sentimita 10 ni lita moja ya mkaa yenye sentimita za mraba 600 za kutolea joto. Katika lundo la mita 3, kila lita inabaki na sentimita za mraba 20 tu. Mkaa ni ule ule, oksijeni inaingia kwenye vitundu vyake ile ile na kutoa joto lile lile, ila joto halina pa kutokea. Ni kama samadi kwenye zizi: juu imepoa, ukichoma fito katikati inatoka na mvuke. Na kadiri moyo wa lundo unavyopata joto ndivyo oksijeni inavyozidi kushikana na mkaa kwa kasi, joto linazaa joto.

Sasa angalia kiroba chako cha kilo 25. Kipo mbali sana na lita 450, achilia mbali mita 3 za ujazo. Kwenye karatasi kila kiroba kilikuwa salama. Lakini ukivipanga mia kadhaa, vimebanana mpaka darini, ndani ya kontena la futi 20 lenye mita za ujazo 33 hivi, kontena halioni viroba. Linaona lundo moja, tena kubwa kuliko lile la 27. Likae juu ya sitaha kuelekea Ghuba wakati wa kiangazi, chuma kinapigwa jua kutwa, nyuzi 50 si habari ya kutisha tena, ni siku ya kawaida.

Cha pili ambacho cheti hakikioni ni umri. Mkaa uliotoka tanurini juzi una njaa ya oksijeni, na unyevu wa hewa nao ukiingia unatoa joto. Sampuli yako huenda ilikaa wiki kadhaa dukani, njiani na maabara kabla ya kuingia oveni. Mzigo wa oda ya pili, ambao mteja anaudai haraka, unatoka tanurini Jumatatu na Alhamisi upo kwenye lori. Cheti ni kile kile, mkaa si ule ule.

Ndiyo maana masharti ya 978 hayahangaiki sana na oveni, yanahangaika na namna unavyoupoza na kuupanga. Mkaa ukae chini ya paa, hewa ikipita, siku zisizopungua 14 baada ya kutengenezwa kabla ya kufungwa (ipo njia nyingine ya viwandani ya kutibu kwa gesi isiyowaka, kwa karakana kama yako sahau). Siku ya kufunga joto la mkaa lisizidi nyuzi 40. Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya kufungwa na joto la siku ile ya kufunga vyote vinaandikwa kwenye nyaraka za mzigo. Ndani ya kontena uache nafasi ya sentimita 30 juu, halafu uchague: ama usipange zaidi ya mita 1.5 kwenda juu, ama ugawe mzigo kwenye mafungu yasiyozidi mita za ujazo 16 kila moja, yakitenganishwa kwa mbao zinazoacha uwazi wa sentimita 15.

Hapo kwenye kuchagua kuna pesa yako, na sijaona mdau aliyekuambia. Kontena la futi 20 kwa ndani lina urefu wa mita 5.9, upana 2.35 na kimo 2.39. Ukipanga mpaka mita 1.5 unapakia kama mita za ujazo 20 na kitu. Ukigawa mafungu mawili yenye uwazi katikati na kuacha zile sentimita 30 juu, kila fungu linakuja kama mita za ujazo 14, jumla 28. Tofauti ya theluthi nzima kwa nauli ile ile. Mafundi wa mbao wa kutengeneza kizuizi cha katikati wapo, gharama yake ni ndogo, ila kizuizi kiwe imara kweli, maana bahari ikichafuka viroba vikaegemeana uwazi umekwisha. Mwambie wakala wako mapema ni njia ipi unatumia ili kampuni ya meli ikubali kabla hujapakia.

Kuhusu joto: usipime juu ya kiroba. Tulishawahi kupokea mkaa wa mtu ambaye karatasi yake ilisema nyuzi 32. Mkono ukigusa mfuko, kweli, vuguvugu tu. Tukachomeka kipimajoto cha fimbo katikati ya viroba vya chini ya lori, vile vilivyokandamizwa, kikapanda taratibu mpaka 47 na kilikuwa bado hakijasimama. Lori likarudishwa. Mwenye mzigo alilalamika sana, lakini alipovifungua kwake vilikuwa na vumbi jingi la mkaa chini. Vumbi ni baya: punje ndogo, uso mwingi wa kushika oksijeni. Chekecha kabla ya kufunga. Nunua hicho kipimajoto cha fimbo, chomeka kwenye viroba vya pande zote na vya katikati, andika. Na pale karakana kila lundo liwe na kibao cha tarehe ya kutoka tanurini. Malundo yasichanganywe, kwa sababu ukichanganya la leo na la mwezi uliopita, siku 14 zako zinaanza kuhesabiwa leo.

Usipoze kwa kumwagia maji halafu ukafunga. Maji ya juu juu yanaacha kaa limelala katikati, na unyevu nao si rafiki yako. Vidonge vya mkaa wa kushindiliwa wenye gundi ya unga wa muhogo vikauke mpaka ndani, vunja kimoja uone. Na kama unatengeneza vile vyenye kiwashio, vinavyoshika moto kwa kiberiti, waambie maabara na wakala tangu mwanzo. Hiyo ni bidhaa nyingine, uainishaji wake unaanza upya.

Kwenye tamko la mzigo hatari itaandikwa UN 1361, jina la bidhaa kama kanuni zinavyolitaka, daraja 4.2, kundi la ufungashaji III. Mifuko iwe na alama ya UN pamoja na lebo ya 4.2, ile ya nusu nyeupe juu, nusu nyekundu chini na mwali mweusi. Kontena libandikwe alama kubwa pande zote nne, na aliyesimamia upakiaji atie saini cheti cha upakiaji. Cheti chako cha N.4 usikitupe, kampuni nyingi za meli bado zitakiomba pamoja na karatasi ya usalama ya bidhaa. Ruhusa za mazao ya misitu ni habari tofauti, na hata kama ni vifuu utaulizwa, andaa maelezo ya malighafi yako.

Wanaouza mashudu, mbata na unga wa dagaa mnaosoma hapa, hili linawahusu pia. Mashudu yanaangaliwa kwa mafuta na unyevu uliobaki (UN 1386 na 2217), mbata ni UN 1363, na unga wa samaki usiotiwa dawa ya kuzuia mafuta kuchacha ni UN 1374 daraja 4.2, ukitiwa dawa unashuka kuwa UN 2216 daraja 9. Mkitaka nitafungua uzi wake.

Sasa lile la "bidhaa za vifuu". Mzigo uliotangazwa hatari unapangwa mbali na vyanzo vya joto na mbali na mizigo usiyopatana nayo, na nahodha anajua upo wapi. Usiotangazwa unaweza kuwekwa ndani kabisa ya meli, ukuta kwa ukuta na tangi la mafuta mazito linalopashwa moto. Ukianza kufuka, baharia anayefungua mlango kuangalia anauingizia hewa, na moshi wake una monoksidi ya kaboni isiyo na harufu. Vijana wa Tanga na Unguja wamo kwenye meli hizo, mkuu, wengine nawajua. Zaidi ya hapo, kampuni nyingi za meli zinatoza faini nzito kwa tamko la uongo, na gharama za moto zitakutafuta wewe mwenye jina kwenye karatasi.

Wakala wa pili uliyemtaja, aliyekuuliza tarehe ya kutengenezwa kabla hata ya kukupa bei, mrudie huyo. Mpelekee rekodi ya tarehe na joto ya lundo moja, picha za mkaa ukiwa chini ya paa, na mchoro wa mafungu mawili wenye vipimo. Omba bei ya kontena moja kwanza. Ukikwama kwenye jina la bidhaa au mifuko, weka hapa alichokuandikia, nitapitia.